Pumzika, Tunakuamulia

Ifahamike kwa wananchi wote wa Thorpe Mallow na vitongoji vyake, wakiwemo wafugaji, wastaafu na watembeza mbwa, kwamba Serikali, kwa kutambua uchovu wa raia wake, imeanzisha Mpango wa Kumpunguzia Mwananchi Mzigo wa Kuamua.

Hivyo ndivyo Mheshimiwa Gervase Pomfrett, mbunge, alivyoufungua mkutano wa kijiji hicho cha Uingereza jioni ile ya Machi, na haki isemwe: aliyasoma maneno yale vizuri. Alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo huku akinyoa ndevu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nje mvua ilikuwa inanyesha taratibu, mvua ya huko isiyo na haraka ya kwisha, na ndani palikuwa na keki ya karoti. Hapakuwa na sababu yoyote ya msingi ya mtu kutarajia matatizo.

Labda lile bango tu. Wakati wa uchaguzi uliopita Mheshimiwa alipigwa picha amenyoosha kidole, na chini ya kidole yakaandikwa maneno makubwa: MKATABA WA ULAYA, WEWE NDIYE UTAKAYEAMUA. Chama kiliahidi kwamba wananchi wenyewe watapiga kura kuukubali au kuukataa mkataba wa kuiunganisha zaidi nchi yao na nchi za Ulaya. Mabango hayo yalibandikwa jimbo zima. Moja lilikuwa bado lipo, upande wa ndani wa mlango wa ukumbi, kwa sababu mbao za mlango ule zimepasuka na watu wa Thorpe Mallow hawabandui kitu kinachozuia upepo. Kwa hiyo Mheshimiwa alipokuwa anahutubia, Mheshimiwa mwenzake alikuwa anamnyooshea kidole kutoka mlangoni.

Wapo wapotoshaji wanaodai kwamba alivunja ahadi. Si kweli hata kidogo. Chama kilifanya uchunguzi wa kina kikagundua kwamba ahadi ile ilihusu mkataba wenye jalada la buluu, na huu uliokuja una jalada la kijivu. Yaliyomo ndani ni yale yale, lakini chama hakikumbuki kutoa ahadi kuhusu yaliyomo ndani. Mheshimiwa mwenyewe aliupitia mkataba huo kwa umakini mkubwa. Aliunyanyua kwa mkono wa kulia, akaunyanyua kwa mkono wa kushoto, akaridhika kwamba ni mzito mno kwa mpiga kura.

Na wapo wengine, wenye roho mbaya zaidi, watakaotaja yale mazungumzo na Mnadhimu wa chama, yule bwana anayehakikisha kila mbunge anapiga kura anavyotakiwa. Mnadhimu alimwambia tu, kirafiki, kwenye korido ya Bunge: "Gervase, huko kwako kukitulia hadi mkataba upite, kuna kiti cha Naibu Waziri kinakungoja. Naibu Waziri wa Kushauriana na Umma." Mheshimiwa alikitaka kiti hicho kama mgonjwa anavyotaka usingizi. Miaka yote amekaa benchi la nyuma bungeni, mahali ambapo hata kamera hazifiki, na mkewe alikuwa ameacha kumwuliza siku yake imekwendaje.

"Kuna maswali?" akauliza Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Neville Stannard, mtu mpole ambaye maisha yake yote amejitahidi asiulizwe kitu.

Bi Mavis Thorogood alinyanyuka kutoka kwenye meza ya chai. Bi Mavis ndiye mkuu wa birika kubwa la ukumbi tangu birika hilo liliponunuliwa, na akisimama yeye, vikombe huacha kugongana.

"Mheshimiwa, hongera kwa hotuba," alisema. "Sasa ile kura yetu ya Ulaya ni lini?"

"Swali zuri sana, Bi Mavis. Kura ile imeboreshwa."

"Imeboreshwa vipi?"

"Haitakuwepo."

Bwana Desmond Utting, mfugaji wa nguruwe, akakohoa kule nyuma. "Mwenyekiti, naomba kuelewa. Mheshimiwa alisema tutaamua sisi."

"Na mliamua!" alisema Mheshimiwa. "Mliamua kunichagua mimi. Huo ndio uamuzi mama. Ukishamwajiri dereva, ndugu yangu Utting, humshikii usukani."

"Hapana, ila huwa namwambia naenda wapi."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha huko, kinachotoka puani. Mheshimiwa akatabasamu kwa uvumilivu. Alieleza kwamba mkataba una vifungu ndani ya vifungu, kwamba hata wataalamu waliouandika hurudi nyumbani wakiumwa kichwa, na kwamba si ungwana kumtwisha mzigo kama huo mtu ambaye tayari ana nguruwe. Aliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa robo saa nzima.

"Kwa hiyo tukishakuchagua," aliuliza Utting, "hivi vichwa vyetu tunavipeleka wapi?"

"Vipumzike, Bwana Utting. Pumzika! Sisi tunakuamulia."

Mheshimiwa alipenda maneno hayo yalivyotoka. Akamgeukia katibu wake, Lorna Peake, aliyekaa pembeni na koti lake magotini, akamwashiria ayaandike. Lorna aliyaandika. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyewatumikia wabunge watatu, na huyu ndiye aliyependa kioo kuliko wote.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la kusikitisha. Sheria ya vijiji vya huko ni ya zamani na haina adabu: wapiga kura kumi wakisimama mkutanoni wakadai kura kuhusu jambo la kijiji, kura ipigwe, humo humo ukumbini, siku itakayopangwa, kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku. Thorpe Mallow walikuwa wameitumia sheria hiyo kuamua rangi ya benchi la kituo cha basi, na kama bata wa bwawani wapewe mkate.

Bi Mavis alikuwa tayari amesimama, hakukaa. "Nadai kura," alisema. "Kuhusu mkataba."

Utting akasimama. Wakasimama na wengine, taratibu, kwa aibu, kila mmoja akimwambia jirani yake, "Samahani, tangulia wewe," na jirani akijibu, "Hapana hapana, wewe ulianza," hadi Mwenyekiti Stannard, huku akitamani ardhi ipasuke immeze, akahesabu kumi wakapatikana na wengine wakabaki.

Mheshimiwa alikiona kiti cha Naibu Waziri kikisogea nyuma hatua moja.

Serikali makini hailali. Wiki hiyo hiyo Mheshimiwa aliitembelea ofisi ya wilaya, akanywa chai na afisa mmoja anayehusika na tafsiri ya sheria, wakashauriana kwa maslahi ya taifa. Uamuzi ukatoka, mfupi na wa kisayansi: kura ya kijiji huhusu mambo ya kijiji, Ulaya haimo ndani ya mipaka ya kijiji cha Thorpe Mallow, kwa hiyo hakuna cha kupigia kura. Afisa alikuwa ameangalia kwenye ramani ya kijiji na kweli hakuiona Ulaya. Aliona kanisa, bwawa la bata na mazizi ya Utting.

Sambamba na hilo, kila nyumba ilipokea kipeperushi cha kurasa mbili chenye picha ya Mheshimiwa akitabasamu na maneno PUMZIKA, TUNAKUAMULIA. Ndani yake alifafanua kwa lugha nyepesi kwamba yako mambo tata ambayo mwananchi akiulizwa anaonewa. Kwamba anayechagua kiongozi amekabidhi akili yake mahali salama. Na kwamba kutomwuliza mtu ni njia ya juu kabisa ya kumheshimu. Makao makuu ya chama yaliomba nakala.

Mwenyekiti Stannard aliusoma uamuzi wa wilaya mbele ya mkutano kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia. Mheshimiwa alikuwepo, amejiandaa kwa kelele. Hapakuwa na kelele. Watu wa Thorpe Mallow walitazamana, wakatazama viatu vyao.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema Bi Mavis. "Kama ndivyo ulivyosema."

"Sawa kabisa," alisema Utting.

Na wakaenda kunywa chai. Mheshimiwa alimpigia simu Mnadhimu akiwa bado ndani ya gari. "Kumetulia," alisema. "Wameelewa."

Lorna, aliyekuwa ameshika usukani, aliwasha gari. Yeye alizaliwa vijiji vya huko. Alijua kwamba watu hao wakipiga kelele hakuna neno, lakini wakikwambia "sawa kabisa," utafute pa kujificha.

Kila Jumamosi asubuhi Mheshimiwa hukaa kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi kusikiliza shida za wapiga kura. Kwa kawaida huja watu wawili, na mmoja wao huwa amekosea mlango. Jumamosi iliyofuata alikuta foleni imetoka ukumbini, imezunguka ukuta wa kanisa, imefika bwawani. Watu wamekuja na miavuli, na chupa za chai, na viti vya kukunja, wamejipanga kwa furaha tulivu, maana watu wa huko ukiwapa foleni nzuri umewapa sikukuu.

"Wamekuja kunipongeza," alisema Mheshimiwa, akarekebisha tai.

Wa kwanza alikuwa Utting. Alivua kofia. "Mheshimiwa, nina jike langu la nguruwe, anaitwa Duchess. Amezeeka. Nimuuze au nimwache?"

"Duchess... hilo si uamuzi wako, Bwana Utting?"

"Lilikuwa," alisema Utting, akakitoa kipeperushi mfukoni, akakikunjua. "Lakini hapa umeandika akili yangu nimeikabidhi mahali salama. Nikajua hapo salama ni kwako. Nimeifuata."

"Nilimaanisha mambo tata!"

"Duchess ni tata sana, Mheshimiwa. Mke wangu anampenda."

Mheshimiwa alicheka, akamtazama Lorna, akaona Lorna amekwishaandika jina la nguruwe. Nje foleni ilikuwa inasogeza viti mbele. Palikuwa na mwandishi wa gazeti la wilaya pia, amejipanga kama wengine. Mheshimiwa hakutaka isomwe gazetini kwamba alimfukuza mpiga kura. "Muuze," alisema.

"Asante, Mheshimiwa. Nitamwambia mke wangu ni wewe umesema."

Wakaendelea kuingia. Yupo aliyetaka kujua mlango wake aupake rangi ya kijani au nyekundu. Yupo mjane aliyeposwa na wanaume wawili, mmoja ana bustani, mwingine ana meno, akataka apewe mmoja kabla ya chakula cha mchana. Mwenyekiti Stannard naye alijipanga, masikini, akaingia amejikunyata. Maonyesho ya mboga yalikuwa yanakaribia na boga lake linashindana na la shemeji yake.

"Si waamuzi wa maonyesho wapo?" aliuliza Mheshimiwa.

"Wamejiuzulu," alisema Stannard. "Wamesema kama Ulaya imewashinda watu, wao boga wataliweza wapi?"

Mwisho, karibu na saa saba, akaingia Bi Mavis. Hakukaa.

"Swali langu dogo tu, Mheshimiwa. Kwenye kikombe, tutangulize maziwa au tutangulize chai?"

Mtu asiyeishi huko ataona hilo ni jambo jepesi. Katika ukumbi wa Thorpe Mallow zilikuwepo meza mbili za chai tangu enzi za babu zao: ya dirishani, ambako maziwa hutiwa kwanza, na ya jikoni, ambako chai hutiwa kwanza. Wa meza hii hawaoi kirahisi meza ile. Hawakuwahi kugombana, kwa sababu hakuna aliyewahi kusema ipi ni sahihi. Kila mtu alikwenda kwenye meza yake, akanywa, akaona wale wengine wamelelewa vibaya, akanyamaza. Amani ya kijiji kile ilisimama juu ya ukimya huo.

Mheshimiwa aliyajua yote hayo. Lakini alikuwa ameamua tangu asubuhi, kichwa kinagonga, na mbele ya macho yake walikuwa wanapita nguruwe na wachumba. "Bi Mavis, wewe unaonaje?" aliuliza, karibu kwa kuomba.

"Mimi?" Bi Mavis alishangaa kwa upole. "Mimi napumzika."

"Maziwa kwanza!" alisema Mheshimiwa. "Maziwa! Basi!"

"Asante," alisema Bi Mavis. "Nitaiondoa meza ya jikoni."

Kwa maslahi ya ukweli inabidi ikubaliwe kwamba utekelezaji wa Mpango ulikumbana na changamoto. Mke wa Utting, aliyerudi akakuta zizi la Duchess tupu, alisimama nje ya ofisi ya Mheshimiwa kila siku na picha ya nguruwe. Mchumba mwenye meno, aliyeachwa, alikuwa na ndugu wengi. Shemeji wa Stannard, aliyeamuliwa kwamba ameshindwa, alilibeba boga lake hadi mlangoni pa ofisi hiyo akaliacha pale lioze. Na watu wa meza ya jikoni, nusu nzima ya kijiji, waliacha kuja ukumbini. Walikuwa wananywea chai makaburini, wamesimama, mvuani, bila kusema neno lolote baya kuhusu mtu yeyote. Habari zikaenea. Vijiji jirani navyo vikaanza kuleta foleni.

"Kwani hamna akili zenu?" Mheshimiwa alimfokea Utting Jumamosi moja, mfugaji aliporudi kuuliza anunue Duchess mwingine au la.

"Tunazo, Mheshimiwa. Ziko likizo. Wewe ndiye uliyezipa ruhusa."

Mheshimiwa alianza kuogopa maswali. Nyumbani, mkewe alipomwuliza anataka mayai au samaki, alitoka nje akazunguka nyumba. Ofisini, Lorna alimwuliza kama afungue dirisha, naye akaweka kichwa mezani akalia kidogo. Lakini alivumilia, kwa sababu ya kile kiti. Aliyasema maneno hayo usingizini, mkewe ni shahidi: Naibu Waziri wa Kushauriana na Umma.

Mkataba ulipita bungeni mwezi wa Juni. Mheshimiwa alipiga kura ya ndiyo, kama alivyoelekezwa, kisha akaenda kukaa karibu na simu. Ikalia. Hakuwa Waziri Mkuu. Alikuwa Mnadhimu.

"Gervase, kazi nzuri. Sasa sikiliza. Kesho Bunge linavunjwa, tunaingia kwenye uchaguzi. Jimbo lako tumempa mtu mwingine."

Mheshimiwa alidhani simu ina matatizo. "Mmempa nani nini?"

"Mtaalamu mmoja wa mikataba, yuko Brussels. Hajawahi kufika huko kwako, na hilo ndilo zuri lake, hana upande kwenye mambo ya maziwa. Gervase, nusu ya jimbo inakunywa chai makaburini. Hatuwezi kwenda hivyo."

"Lakini wanachama wa jimbo! Wao ndio wanaochagua mgombea! Wameulizwa?"

"Jambo hili ni tata, rafiki yangu. Wakiulizwa wataonewa."

"Na mimi? Mimi nimeulizwa?"

"Hatukukuuliza," alisema Mnadhimu, kwa sauti yenye mapenzi. "Kutomwuliza mtu ni njia ya juu kabisa ya kumheshimu. Kile kipeperushi chako, Gervase, makao makuu wamekipenda mno. Ndio mwongozo wa chama sasa. Pumzika."

Simu ikakatika. Mheshimiwa alibaki ameishikilia, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake wa umma alihisi kitu kile ambacho wananchi huwa wanakihisi, akakiona ni uonevu mkubwa usio na mfano katika historia ya dunia.

Thorpe Mallow walikuwa na mkutano jioni ya kesho yake. Mheshimiwa aliingia ukumbini amelowa, bila mwavuli, tai imekwenda upande. Kwenye mlango bango lilikuwa bado lipo. Meza ya chai ilikuwa moja tu, dirishani, na watu wa meza ya jikoni waliokuja kwa ajili ya mkutano walikuwa wamekaa bila vikombe.

"Mwenyekiti," alisema, hata kabla hajapewa nafasi, "natoa hoja! Nadai kura! Wananchi wa kijiji hiki waulizwe: je, wanataka mbunge wao aondolewe bila wao kushirikishwa? Chama kitaona aibu, kitarudi nyuma! Nahitaji watu kumi tu wasimame. Kumi!"

Mvua ilisikika juu ya paa. Mwenyekiti Stannard alivaa miwani, akapekua mafaili yake, akautoa ule uamuzi wa wilaya.

"Mheshimiwa, mimi ningependa sana. Lakini kura ni ya mambo ya kijiji. Bunge halimo ndani ya mipaka ya kijiji cha Thorpe Mallow. Nimeangalia ramani. Kuna kanisa, kuna bwawa, kuna mazizi."

"Hilo ni jambo la kikaratasi tu! Watu wangu, mnaniona hivi hivi? Ninyi si ndio wenye nchi? Si ndio wa kuamua?"

"Ni jambo zito hilo, Mheshimiwa," alisema Utting kwa huzuni. "Mambo ya chama, vifungu ndani ya vifungu. Mtu mwenyewe nina nguruwe."

"Basi nawaamulia mimi! Mmesema niwaamulie, haya, nimeamua! Simameni!"

Watu wawili watatu walianza kunyanyuka kwa mazoea. Bi Mavis akainua mkono, wakakaa.

"Bunge limevunjwa leo asubuhi," alisema. "Nimesikia redioni. Hakuna mbunge. Wewe sasa, samahani kusema, ni mtu tu kama Desmond."

"Na Desmond ana nguruwe," alisema mtu kutoka nyuma.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema Utting, na kwa kuwa alimkumbuka Duchess, hakumalizia.

Mheshimiwa alikaa kwenye kiti cha karibu. Hakukuwa na aliyefurahi, hata wa meza ya jikoni. Ilikuwa ni kama mtu ameanguka njiani na kila mmoja anangoja mwingine amnyanyue. Kisha Mwenyekiti Stannard, ambaye maisha yake yote amekwepa maswali, aliuliza.

"Kama hakuna mbunge, nani anatuamulia?"

Walitazamana. Bi Mavis aliliangalia birika, akaitazama ile nafasi tupu karibu na jikoni, mahali ambapo sakafu ina alama za miguu ya meza iliyokaa hapo miaka na miaka.

"Kama ni hivyo, likizo imekwisha," alisema. "Nadai kura. Kuhusu meza za chai. Hilo ni la kijiji, au nalo halimo kwenye ramani?"

"Limo," alisema Stannard. "Limo kabisa. Wanaounga mkono wasimame."

Safari hii hapakuwa na samahani wala tangulia wewe. Walisimama kwa kishindo, wa dirishani na wa jikoni, viti vinaanguka nyuma yao, mke wa Utting amesimama na picha ya nguruwe mkononi. Walizidi kumi mara nyingi. Mheshimiwa aliwaangalia wamesimama hivyo, wamejaa ukumbini, na mwili wake ukamnyanyua wenyewe. Alijikuta naye amesimama, mkono juu, machozi machoni.

Mwenyekiti alimfikia katika kuhesabu, akasita. "Samahani sana, Mheshimiwa. Naomba ukae. Wewe si mpiga kura wa hapa. Nyumba yako iko London."

Akakaa. Wengine wote wakabaki wamesimama, wanabishana kuhusu siku ya kura, na kama keki iwepo.

Bi Mavis alimletea chai. Aliketi kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka mikono yake mikavu juu ya magoti.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini, Bi Mavis?"

"Mkataba. Ningepiga ndiyo. Kaka yangu amezikwa Ufaransa tangu vita, ana miaka kumi na tisa mpaka leo. Nikasema kama watu wanaweza kusumbuana kwa makaratasi badala ya mizinga, mimi niko pamoja nao. Nilikuwa nimeshatoa viatu vyangu vya kupigia kura, nimevipaka rangi. Desmond naye alikuwa ndiyo. Nusu ya hawa unaowaona walikuwa ndiyo."

Mheshimiwa alimgeukia. "Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu."

Kutoka mlangoni, kile kidole cha kwenye bango kilikuwa bado kimenyooshwa kuelekea ukumbini. Bi Mavis alimsogezea bakuli la sukari.

"Kijiko kimoja au viwili?"

Gervase Pomfrett aliliangalia bakuli. Alimtazama Lorna, Lorna alikuwa anatafuta funguo za gari. Alimtazama Utting, akamtazama Mwenyekiti, lakini wote walikuwa wamesimama, wana kazi ya kuamua mambo yao, na ukumbini mle hakuwepo hata mtu mmoja wa kumwamulia.